Steshenari na programu za kraki hapa Mwanza: hasara inatua kwa nani, na duka linatokaje humo?

Malimbe_Steshenari

Wakuu, habari za leo.

Naomba mjadala wa watu wanaoijua hii kazi kwa undani. Steshenari ya kawaida ya Malimbe, Nyegezi au Mkolani ina mashine tano sita hivi, nyingi mtumba wa Dubai. Fundi anapiga Windows na Office kwa elfu kumi na tano au ishirini, anaongeza CorelDRAW na Photoshop za kraki (zilizovunjwa kufuli la leseni), na kazi inaanza siku hiyohiyo. Hesabu za duka nazo ziko kwenye QuickBooks ya mtindo huohuo.

Wenye maduka wanasema Microsoft ni tajiri wa dunia, haumii kwa mashine sita za Mwanza, na mwanafunzi wa SAUT anayeprinti ripoti ya field hawezi kubebeshwa bei ya leseni ya dola. Nataka kujua kama hoja hiyo inasimama. Nani hasa anaumia? Habari za kraki kuja na vairasi ni kweli au ni vitisho vya wauzaji? Sheria yetu inasemaje kwa duka kama hili? Na la mwisho: duka la mashine sita likitaka kutoka huko bila kufunga kazi na bila kukopa, lianzie wapi?

Naomba majibu yenye hatua na namba. "Nunua orijino" peke yake haitusaidii.

Fundi_Makoroboi

Mkuu, nijibu la vairasi kwanza kwa sababu ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote.

Kraki nyingi za Windows na Office zinazozunguka mjini zinaigiza seva ya KMS. KMS yenyewe ni njia halali ya Microsoft kwa taasisi kubwa: seva moja ndani ya ofisi inaaktiveti mashine zote. Seva hiyo haianzi kazi mpaka zifike mashine 25 kwa Windows, au 5 kwa Office, na aktivesheni yake inadumu siku 180 ndipo ihuishwe. Kraki inaweka seva ya uongo ndani ya mashine yako na kuipa kazi ya kuhuisha kimyakimya. Ili ifanye hivyo inahitaji haki za msimamizi wa mashine, na inahitaji antivairasi isiiguse. Kwa hiyo hata kama kraki uliyopewa ni safi, fundi ameshazima Defender (antivairasi ya Windows yenyewe) au ameshaweka folda fulani kwenye orodha ya visivyokaguliwa. Kitu chochote kitakachotua kwenye folda hiyo mwezi ujao hakitaonekana.

Jipime mwenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /xpr, piga Enter. Ikikupa tarehe ya kuisha, kwa kawaida hiyo ni KMS, na duka la mashine sita haliwezi kuwa na KMS halali ya Windows ya kwake. Kisha andika slmgr /dlv, tafuta mstari wenye VOLUME_KMSCLIENT na jina la seva. Ukiona 127.0.0.2 au anwani ya nje usiyoijua, ndiyo hiyo. Lakini usidanganyike na jibu la "permanently activated". Ziko kraki za aina nyingine zinazoacha jibu hilohilo, kwa hiyo siyo ushahidi wa leseni.

Halafu fungua PowerShell (dirisha la amri la Windows) kama msimamizi, andika Get-MpPreference, tazama mstari wa ExclusionPath. Mashine safi huonyesha mstari huo ukiwa mtupu. Ukikuta C: nzima imeachwa wazi, hiyo mashine usiingizie namba ya siri ya benki tena mpaka ipigwe upya.

Kinachoingia kupitia mlango huo ni cha aina mbili. Aina ya kwanza ni wezi wa kumbukumbu za kivinjari, kama RedLine na Vidar. Hawafungi kitu wala hawapunguzi kasi ya mashine. Wanakusanya namba za siri zilizohifadhiwa kwenye Chrome pamoja na vidakuzi vya akaunti ulizoacha wazi, wanatuma nje, basi. Vidakuzi vinamruhusu mtu kuingia kwenye barua pepe yako bila kuulizwa namba ya siri. Aina ya pili ni vairasi wa kufunga mafaili na kudai fedha. Familia ya STOP, wengine wanaiita Djvu, imesambaa hasa kupitia kraki na vitengeneza namba za leseni. Inaongeza herufi mpya mwishoni mwa kila jina la faili, inaacha karatasi iitwayo _readme.txt, inadai dola 980, au 490 ukilipa ndani ya saa 72. Emsisoft, kampuni ya antivairasi, walitoa kifunguo cha bure, lakini tangu Agosti 2019 waandishi wa vairasi hiyo walibadili namna ya kufunga, na sasa kifunguo kinasaidia pale tu vairasi ilipokosa mtandao wakati wa kufunga ikatumia ufunguo wake wa akiba. Inafunga takriban KB 150 za mwanzo za kila faili. Video ndefu unaweza kuokoa sehemu yake. Faili la Word la mwanafunzi linakwenda lote.

Jambo la tatu ni masasisho. Kraki nyingi, na zaidi zile Windows "nyepesi" zilizochakachuliwa, huzima Windows Update. Vairasi ya WannaCry ilipopiga dunia Mei 12, 2017, kiraka cha tundu la Windows ililopitia kilikuwa kimetolewa tangu Machi 14. Waliopigwa walikuwa wale ambao mashine zao hazikuwa zimekipokea.

Sasa habari njema, ambayo mafundi wengi hawaisemi. Mtumba mwingi wa Dubai wa HP, Dell na Lenovo tayari una leseni halali ya Windows ndani ya mazabodi. Kwenye PowerShell andika (Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey. Zikitokea herufi na namba 25, huo ni ufunguo uliolipiwa kiwandani. Kwa nini basi fundi aliweka kraki? Mara nyingi ni kwa sababu flashi yake ina Windows Pro au Enterprise, na mashine yako ina ufunguo wa Home. Toleo halioani, mashine inagoma kujiaktiveti, yeye anakimbilia kraki. Ukipiga toleo linalolingana na ufunguo, mashine inajiaktiveti yenyewe ikigusa intaneti. Angalizo moja: funguo za enzi ya Windows 7 na 8 Microsoft waliacha kuzikubali kwa kupiga Windows 10 au 11 mwaka 2023, kwa hiyo kwa mashine za zamani sana usitegemee.

Nyakato_Dev

Nichukue hilo la nani anaumia.

Hoja ya "Microsoft haumii" ina ukweli ndani yake. Bill Gates, mtu aliyeandika barua ya wazi mwaka 1976 kuwalaumu wapenzi wa kompyuta kwa kunakili BASIC yake, mwaka 1998 alizungumzia China akasema kama watu wataiba programu, afadhali waibe za kwao, watazizoea, na namna ya kukusanya fedha itatafutwa baadaye. BSA, umoja wa makampuni ya programu, kwenye ripoti yao ya 2018 walikadiria kuwa asilimia 37 ya programu zilizowekwa kwenye kompyuta duniani hazikuwa na leseni, zenye thamani ya dola bilioni 46.3. Thamani hiyo ni bei ya soko ya kopi zenyewe. Haina maana kwamba fedha hizo zingelipwa kweli. Steshenari ya Malimbe isingenunua Photoshop kwa bei ya Marekani hata kama kraki isingekuwepo duniani. Na hata ingenunua, shilingi yetu ingegeuka dola ikaondoka. Hapa ingebaki faida ndogo ya wakala na kodi.

Anayeumia ni wa hapa. Mpigie hesabu mtengeneza programu wa Nyakato au Igoma anayeandika mfumo wa mauzo wa duka la vifaa vya ujenzi, wenye kusoma Kiswahili, wenye kukokotoa deni la mteja wa mkopo na kutoa ripoti ya VAT ya asilimia 18. Tuseme ni watu wawili, miezi minne, laki nane kila mmoja kwa mwezi. Hiyo ni 6,400,000 kabla ya bando, nauli na siku za kufundisha wauzaji. Akiuza kwa 350,000 anahitaji maduka 19 kurudisha mtaji tu. Sasa mwenye duka analinganisha hiyo 350,000 na nini? Halinganishi na bei halali ya QuickBooks. Analinganisha na elfu ishirini ya fundi. Mtengeneza programu wa hapa anashindana na bidhaa ya mamilioni iliyouzwa kwa bei ya sahani chache za chipsi, na hakuna mtaji unaoweza kumsaidia kushinda hapo.

Wa pili kuumia ni programu huria. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili, bure kabisa. Ubora wake mkubwa ulitakiwa uwe bei. Lakini Office ya Kiingereza nayo mtaani ilikuwa bure, kwa hiyo ubora huo ukafutika. Nchi zenye mkono mkali kwenye leseni ndizo zinazolazimika kufikiria LibreOffice, ofisi ya bure, kwa makini, kwa sababu ofisi zao zinaiona bei. Sisi bei hatuioni, kwa hiyo hatuna msukumo wa kujenga cha kwetu. Tazama tofauti kwenye afya: wizara ilipochukua DHIS2, ambayo ni programu huria ya takwimu za afya iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo, ilihitaji watu wa nchini wa kuiweka, kuirekebisha na kufundisha mikoa. Fedha ya ujuzi ikalipwa kwa Watanzania. Kraki haiajiri mtu wa namna hiyo, maana hakuna anayeweza kwenda hadharani kuuza huduma juu ya kitu cha wizi.

Kuna athari ya tatu, hii inanigusa sana kwa sababu ya watu wa visiwa vya Ziwa Victoria. Mtengeneza programu akishaibiwa kopi mara mbili tatu anaacha kuuza programu ya kuweka kwenye mashine. Kwanza anajaribu kuifunga kwenye namba ya hadi diski. Diski ikifa, mteja mwaminifu wa Nansio, Ukerewe, ndiye anayekwama, na mwizi ameshapata kopi iliyofunguliwa. Mwishowe anahamishia kila kitu mtandaoni, malipo ya kila mwezi kwa simu. Mjini sawa. Mwenye duka la dagaa Ukerewe au Ukara, mtandao ukiyumba au umeme ukikatika mnara ukazima, hawezi kutoa hata risiti ya mauzo. Wizi wa kopi umemnyima programu inayofanya kazi bila mtandao, na yeye hakuiba chochote.

Mwl_Tehama

Nakubaliana na Nyakato_Dev kwa sehemu kubwa, lakini upande wa elimu usisahaulike. Vijana wengi wanaochora ramani za nyumba kwa AutoCAD au kubuni mabango kwa CorelDRAW hapa mkoani walijifunzia kwenye kopi zisizo na leseni. Bila hizo wasingekuwa na ufundi huo. Hiyo ni faida ya kijamii na haifai kuikana.

Shida ni kwamba ufundi huo una kamba. Kijana anamaliza VETA au chuo akijua vitufe vya programu moja tu. Akifungua ofisi, ama alipe mamilioni ambayo hana, ama aanze biashara yake ya kwanza kwa kopi ya wizi. Akiomba kazi kwenye kampuni yenye makao nje, anakuta mashine zinakaguliwa leseni na hawezi kuja na flashi yake. Mwalimu anayefundisha dhana ana nafasi ya kumwokoa. Anayejua tofauti ya picha ya vekta na picha ya vitone, anayejua tabaka, rangi za CMYK (za uchapaji) na vipimo vya karatasi, anahama kutoka CorelDRAW kwenda Inkscape ya bure ndani ya wiki chache. Aliyekariri tu mahali kitufe kilipo, hahami.

Na mlango halali upo ila hautumiki. Autodesk wanatoa AutoCAD na Revit bure kwa mwanafunzi na mwalimu wa chuo kinachotambulika, kwa mwaka mmoja unaohuishwa, kwa masharti kwamba isitumike kwa kazi ya kulipwa. Microsoft wana ngazi ya bure ya Office ya mtandaoni kwa shule zilizothibitishwa. Chuo kinachotakiwa kufanya ni kuwa na barua pepe za kikoa chake na mtu mmoja wa kufuatilia uthibitisho. Vyuo vinavyokwama, hukwama hapo kwenye barua pepe: wanafunzi wanatumia Gmail binafsi na mfumo unashindwa kuwatambua. Ni kazi ya msimamizi mmoja wa TEHAMA, na inaokoa mamia ya wanafunzi wasianze na kraki.

Malimbe_Steshenari

Wabeja sana wakuu. Hilo la ufunguo kwenye mazabodi sikulijua.

Vikwazo vinavyobaki ni vitatu. Mwanafunzi akileta docx (faili la Word) yenye fonti ya Calibri, LibreOffice inasogeza kurasa na jedwali la yaliyomo linaharibika, na hiyo ni tasnifu. Kazi za zamani zote za kadi na mabango ni CDR, yaani mafaili ya CorelDRAW. Na QuickBooks ina hesabu za miaka ambazo TRA wanaweza kuziuliza. Haya matatu yanatatuliwaje?

Mhasibu_Kirumba

Nianze na sheria, kisha QuickBooks.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, inazihesabu programu za kompyuta kuwa kazi zinazolindwa, sawa na maandishi. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndiyo msimamizi wake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 24, inagusa uvunjaji wa haki miliki kwa kutumia kompyuta, na inatenganisha anayefanya bila biashara na anayefanya kibiashara. Wa pili anabeba adhabu nzito zaidi. Steshenari inayotoza kwa kila ukurasa haiwezi kusema ilikuwa matumizi binafsi. Anayepiga kraki kwa elfu ishirini naye hawezi.

Kuna sheria nyingine ambayo wenye steshenari hawaifikirii kabisa: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Duka lenu linaskani vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa na vyeti vya kidato cha nne, linajaza maombi ya mikopo ya wanafunzi kwa niaba yao. Mteja anakuachia namba yake ya siri kwenye kivinjari. Mashine yenye mlango ulioachwa wazi na kraki ikivujisha hivyo, aliyeumia ni binti wa mtu aliyekuja kuomba mkopo, na mwenye wajibu wa kulinda taarifa zile ni duka. Kila jioni futa skani za wateja, ondoa pia zilizobaki kwenye folda ya Downloads na kwenye pipa la taka, na kazi za wateja zifanyike kwenye dirisha la faragha la kivinjari ili lisihifadhi kitu.

QuickBooks sasa. Usiifute kwanza. Kumbukumbu za kodi zinatakiwa zitunzwe kwa miaka 5, na faili la QuickBooks (QBW) halifunguki kwenye programu nyingine, wala toleo la chini halifungui faili la toleo la juu. Huo ndio mtego wa kraki kwa mhasibu: mashine ikifa, ukampata fundi mwenye toleo la zamani, hesabu zako zipo na huwezi kuzisoma. Fanya hivi. Kwa kila mwaka wa hesabu, toa leja kuu yote, mizania ya majaribio, orodha ya wadaiwa, ya wadai na ya bidhaa. Toa nakala moja ya PDF na nyingine ya Excel. Hakikisha mizania ya majaribio pande zote mbili zinalingana kabla ya kuhama. Kisha chagua siku ya kuhama iwe mwanzo wa mwaka wako wa hesabu, uingize masalio ya kufungulia kwenye programu mpya. Usijaribu kuhamisha miamala ya miaka yote, utachoka na utakosea. Manager ya kompyuta ya mezani ni bure, haihitaji mtandao na inamfaa mwenye duka. GnuCash nayo ni bure, ila inamtaka mtu anayejua debiti na krediti. Endesha ya zamani na mpya sambamba kwa mwezi mmoja. Salio la benki na la fedha taslimu yakilingana mwisho wa mwezi, ndipo unaiondoa ya kraki.

Bei, kwa kukadiria dola moja shilingi 2,500: Windows Home ya dukani ni dola 139, yaani 347,500 kwa mashine, na kwa sita ni 2,085,000. Ndiyo maana amri aliyoitoa Fundi_Makoroboi ya kusoma ufunguo iwe hatua ya kwanza kabla hujatoa shilingi. Na zile funguo za dola tano za mtandaoni ziacheni. Nyingi ni funguo za taasisi zilizouzwa kwa vipandevipande; Microsoft wakizifunga, fedha imekwenda na bado huna leseni wala stakabadhi ya kumwonyesha mkaguzi.

Rufiji_Chapa

CDR ni eneo langu la kazi, niseme mawili.

Kabla hujaitoa CorelDRAW, fungua kila kazi ambayo mteja anaweza kuirudia, uihifadhi kama PDF na pia SVG. Maandishi yageuze kuwa mikunjo kwenye nakala moja, na uache nyingine yenye maandishi hai kwa ajili ya kubadili majina na tarehe. Inkscape inafungua CDR za zamani lakini za matoleo mapya mara nyingi huvurugika vivuli na rangi za mchanganyiko, kwa hiyo usitegemee kufungua moja kwa moja.

Inkscape inafanya kazi kwa rangi za RGB (za skrini). Kwa kadi zinazotoka kwenye printa ya kawaida hutaona tofauti. Kwa kazi ya kupeleka kwenye mtambo wa ofseti, pitisha kwenye Scribus (programu ya bure ya kupanga kurasa) utoe PDF ya CMYK, la sivyo bluu ya mteja itatoka zambarau. Kwa mabango makubwa, mtambo una programu yake ya kupokea kazi, unataka PDF au TIFF tu, haijali ulichorea wapi. Na tangu Oktoba 2025 programu ya ubunifu ya Affinity imekuwa bure kwa mwenye akaunti ya Canva. Inafanya CMYK na inafungua PSD (faili la Photoshop), ila CDR haifungui na inataka Windows au Mac. Kwa duka lenye mashine moja nzuri ya ubunifu, hiyo inatosha kabisa.

Fundi_Makoroboi

Nimalizie hilo la Calibri na mpangilio wa kazi.

Kurasa zinasogea pale LibreOffice inapokosa Calibri na kuweka fonti nyingine yenye upana tofauti. Hakikisha fonti za Carlito na Caladea zipo. Upana wa herufi zake ni sawasawa na wa Calibri na Cambria, na Liberation inafanya hivyo kwa Times New Roman na Arial. Zote bure. Hapo kazi nyingi za kawaida zinakaa sawa. Tasnifu yenye jedwali la yaliyomo na marejeo ya kujiendesha bado ni hatari: mwambie mwanafunzi alete PDF, na atakayeleta docx apitie kurasa zote mbele yako kabla ya kuprinti. Na acha mashine moja iwe na Office iliyonunuliwa, toleo la Home and Business la malipo ya mara moja, iwe ndiyo ya kazi za vyuo. Leseni moja ya hivyo duka linaimudu. Sita halizimudu, na halizihitaji.

Kwa mpangilio, mashine ya kwanza kupigwa upya iwe ile ya fedha na vitambulisho. "Kuondoa kraki" haitoshi, kwa sababu hujui kilichoingia nayo. Nakili mafaili ya kazi tu kwenye diski ya nje, usinakili faili lolote la exe. Futa diski yote, piga toleo linalolingana na ufunguo kutoka kwenye faili la Microsoft wenyewe, acha Defender na Windows Update vikiwa hai. Ikiwa safi, ndipo ubadilishe namba za siri za benki, barua pepe na mifumo ya serikali, na kwenye simu uondoe vifaa vyote vilivyounganishwa na WhatsApp. Ukibadilisha namba za siri ukiwa bado kwenye mashine chafu umempa mwizi namba mpya.

Kisha gawa mashine. Msaada wa Windows 10 uliisha Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Zile Core i3 na i5 za kizazi cha nne zilizojaa madukani hazimo. Kwa hizo weka Linux Mint Xfce: ramu ya GB 4 inatosha kwa kuandika, kuprinti na intaneti. Faili lake linakaribia GB 3, lishushe usiku kwa bando la usiku, lihakiki kwa namba yake ya SHA256 (namba ya kuthibitisha kwamba faili limefika zima), kisha liandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus. Faili lililokatika katikati ya kushusha ndilo linaloleta lawama nyingi kwamba "Linux imegoma".

Usipige moja kwa moja. Washa mashine kwa flashi, chagua kujaribu bila kufunga, unganisha printa, skana na mashine yako ya kopi, toa karatasi moja ya kila aina, pande mbili na rangi. HP nyingi zinajitambua zenyewe, Epson za tangi wana dereva zao za Linux. Kopi kubwa za mtumba ndizo zenye usumbufu. Ukikuta skani haitoki, mashine iliyounganishwa nazo ibaki Windows. Hali kadhalika mashine iliyofungwa na kifaa cha EFD (cha risiti za TRA): muulize aliyekuuzia kifaa kama dereva yake ipo ya Linux kabla hujagusa kitu, na akisema haipo, hiyo nayo iweke kwenye kundi la zile zenye ufunguo wa Windows ndani ya mazabodi.

Flashi za wateja zote ziingilie kwenye mashine moja ya Mint, na kutoka hapo mafaili yapite kwa mtandao wa ndani kwenda kwenye printa. Diski ya bakapu ichomekwe jioni, ikimaliza kunakili ichomolewe na kufungiwa. Ikibaki imechomekwa, siku vairasi ya kufunga mafaili ikiingia itaifunga pamoja na mashine.